Ukoka wa Goli la Gereji

Siku Projestus alipokabidhiwa funguo za uwanja wetu wa Chang'ombe, geti lilikuwepo lakini ukuta haukuwepo. Watu walipita pembeni ya geti, na yeye kila asubuhi alilifungua, na kila magharibi alilifunga kwa kufuli mbili. Tulimcheka sana. Nilikuwa mmoja wa waliomcheka, kwa hiyo sisimulii habari za kuambiwa. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, alikokuwa karani wa stoo kwa miaka kumi na tisa, na nadhani mtu aliyezoea kufunga stoo hawezi kuacha kufunga hata ukimpa jangwa.

Ukuta ulikuja baadaye, tofali kwa tofali. Kabla ya ukuta yalikuja majani. Uwanja ule ulikuwa mchanga mtupu na vipande vya vyuma vya gereji, na mzee wa watu aliokota vyuma kwa mkono kwa mwaka mzima kabla hajapanda shina la kwanza. Ilimchukua miaka kumi na moja kuufikisha hapo ulipofika: kijani kuanzia kona hadi kona, isipokuwa mbele ya magoli, kwenye upara ambao kila uwanja wa mtaani unao.

Mimi naitwa Abid. Duka letu la rangi na chokaa limegusana na uwanja kwa nyuma. Baba yangu, Mzee Noorali, alichimba kisima kwa ajili ya duka, na Projestus akaja kuomba maji, amechomekea shati, kofia mkononi. Tukampitishia mpira wa maji juu ya ukuta. Kwa sababu ya maji hayo nikaingizwa kwenye kamati ya uwanja. Sijawahi kupiga danadana hata tatu maishani mwangu, lakini penye kamati kila mtu ana sababu yake, na yangu ni maji.

Wahaya tunawatania kwa kujisikia. Projestus ni Mhaya, na majivuno yake yote aliyaweka sehemu mbili. Ya kwanza ni majani. Ya pili ni jumuiya, zile familia za Kikatoliki za mtaani ambazo kila Jumamosi asubuhi hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasali, wakaulizana nani anaumwa na nani kafiwa. Yeye alikuwa mwenyekiti wao kwa miaka minane, na kila uchaguzi ulipofika alisema amechoka, na kila walipomchagua tena alitembea kwa wiki nzima kama kavaa viatu vipya. Mkewe, Demetria, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeniambia hilo. Alisema, "Huyu ukimnyima mshahara atavumilia. Umnyime kuaminiwa, atakufa."

Sasa mechi. Kila mwaka, kabla ligi ya mitaa yetu haijaanza, bingwa wa ligi hukutana na mshindi wa kombe kugombea Ngao. Ngao yenyewe ni bamba la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, rangi ya dukani kwangu. Lakini kwa bamba hilo watu wamevunja ndoa. Mwaka huu bingwa alikuwa Nyundo FC, timu ya mafundi wa gereji na wachomeleaji. Kombe lilichukuliwa na Radi FC, vijana wa mtaa wa bondeni. Na kwa mara ya kwanza mechi ilipangwa kwenye uwanja wetu.

Projestus hakulala vizuri tangu alipoambiwa. Alikuwa na aibu ya ule upara, hasa wa goli la upande wa gereji. Alijua majani hayawezi kushika kwa siku chache, lakini alitaka angalau wageni wakute pamepandwa. Basi Jumatano, siku nne kabla ya mechi, nilipotoka kusali alfajiri nikapitia dukani kumfungulia maji. Nikamkuta amechuchumaa ndani ya goli na ndoo ya samadi. Alikuwa akichukua mashina ya ukoka, anayaviringisha pamoja na samadi ndani ya jani kavu la mgomba, anafunga kwa kamba ya mgomba, kisha anafukia kifurushi urefu wa kiganja, ncha ya jani moja tu ikichungulia.

"Kwa nini unafunga, mzee?" nilimuuliza.

"Kwetu Muleba mche unasafiri na chakula chake. Jani linashika maji, kisha linaoza lenyewe. Na njumu haziwezi kung'oa kitu kilichokaa chini namna hii. Hebu nishikie hiki."

Nikakishika, akafunga fundo. Kilikuwa kizito kidogo na kinanuka zizi. Nikarudi dukani kunywa chai.

Watu wawili tulimwona asubuhi ile. Wa pili ni Mwanaasha, muuza vitumbua, aliyekuwa akikatiza njia na ndoo yake kichwani. Yeye aliona mzee peke yake gizani, amechuchumaa golini, anafukia vifurushi vilivyofungwa kamba huku midomo inacheza. Midomo ilicheza kwa sababu alikuwa anahesabu. Lakini umwambie nani? Kufikia saa nne Chang'ombe nzima ilikuwa inajua kwamba goli la gereji limetegwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hili lilikuja linakimbia.

Ijumaa kamati ikakaa. Upande mmoja Anwar, katibu wa Nyundo, fundi wa springi za magari, mtu mpana. Upande wa pili Zuena, mlezi wa Radi, mwenye saluni mbili, ambaye akikohoa wachezaji wake wanasimama. Projestus aliitwa akakaa katikati kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo mzee," Anwar alianza, maana adabu haisahauliki hata siku ya kumchinja mtu. "Ulikuwa unafukia nini golini?"

"Marahaba. Ukoka."

"Umeufunga?"

"Kwa majani ya mgomba. Ndivyo tunavyopanda miche kwetu."

"Na kamba?"

"Kamba ya mgomba pia."

"Viko vingapi?"

"Ishirini na moja. Mistari mitatu, kila mstari saba."

Nilitamani angesema ishirini. Nilisikia pumzi zikivutwa chumba kizima. Saba mara tatu! Hata mganga mwenyewe asingejieleza wazi namna ile.

"Nyie Nyundo mmemnunua mzee wa watu," Zuena alisema.

"Sie? Nyie ndo mmemnunua! Goli la gereji ni upande wetu, tujiroge wenyewe?"

Kwa nusu saa waligombana ni nani kamnunua. Kwamba kanunuliwa, hilo halikuwa na mbishi. Projestus aliwasikiliza mikono magotini, kisha akanigeukia. Aliniangalia, kwa sababu alijua mimi najua. Nami nilikuwa na maneno tisa tu ya kusema: nimekishika kimoja mkononi, nimekiona ndani, ni majani na samadi.

Sikuyasema. Nitaeleza kwa nini, ingawa maelezo hayatanisaidia. Gereji zote za Nyundo hununua rangi kwangu. Saluni na nyumba za Radi hununua rangi kwangu. Ningesema ni majani, pande zote mbili zingesema Mhindi naye kanunuliwa, na ubishi ungehamia kwenye duka. Nikajiambia, siku mbili tu, Jumapili watachimba wataona wenyewe, ukweli haunihitaji mimi.

Zuena akapendekeza azimio. Funguo zirudi kwa kamati. Jumapili kabla ya mpira, goli lichimbuliwe mbele ya watu. Kikikutwa kitu, mzee aende nyumbani moja kwa moja.

Projestus akasimama. "Nakubali," alisema. "Ila naomba moja. Mkikuta majani, mtatamka kwa kipaza sauti, watu wote wasikie, kwamba yalikuwa majani. Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya inasali nyumbani kwangu. Nataka niwapokee watu wakiwa wanajua mimi ni nani."

Wakakubali, ni haki yake. Wanaokubali azimio wakaambiwa wanyooshe mikono. Mkono wangu ulipanda. Mzee akaziweka funguo mezani, moja moja, akitaja kila moja ni ya nini.

Jumapili uwanja ulifurika kuliko siku zote. Hakuna timu iliyokubali kupita getini, kwani geti ndilo la kwanza kutegwa. Nyundo waliingia kwa ngazi kutoka gereji, wakiruka ukuta mmoja mmoja. Radi walikuja kuniomba mlango wa nyuma wa duka, wakapita katikati ya madebe ya rangi kinyumenyume, wachezaji kumi na wanane na kocha, huku Zuena akiwahesabu. Mmoja alikanyaga kopo la rangi ya bluu, akacheza kipindi chote cha kwanza na kiatu cha bluu, na mashabiki wake walidhani ni maelekezo.

Refa alisema anatoa dakika ishirini za kuchimba. Jembe likaletwa. Hakuna aliyelishika. Waliokuwa wanapiga kelele "chimbua!" tangu saa saba walirudi nyuma hatua tano. Mwishowe Projestus mwenyewe akavua koti, akakunja mikono ya shati, akachimba. Alikitoa kila kifurushi kwa vidole, taratibu, akakipanga juu ya gunia. Ishirini na moja. Ule msemo wa tembo na nyasi sikuwahi kuuona ukitendeka kwa macho yangu mpaka siku hiyo.

"Fungueni," alisema.

Hakuna aliyefungua. Akafungua yeye. Samadi ikamwagika, na ndani yake lile shina la ukoka lilikuwa limeanza kutoa vijizizi vyeupe, vyembamba kama nyuzi. Akanisogezea usoni.

"Abid, vilikuwa vimeshika," alisema kwa sauti ya chini. "Siku nne tu, vimeshika."

Hapo niliumia, sitaficha.

"Si mmeona?" akawageukia. "Majani."

"Sasa mzee," Anwar akajibu, kwa upole kabisa, "dawa si ndo majani? Ulitaka tukute nini, panadoli?"

Watu wakacheka, kicheko cha kuogopa. Zuena akasema tangazo litatolewa baada ya mechi, muda umekwisha. Mashabiki wakayafukia mashimo haraka haraka kwa miguu, mchanga juujuu, kila mmoja akitaka kuondoka pale kabla hakijamrukia kitu.

Kwenye kurusha shilingi, nahodha wa Nyundo alishinda. Akatakiwa achague goli. Akaangalia benchi. Benchi likaanza kubishana: dawa ile ilikuwa ya kufunga goli au ya kufungua? Na ikishachimbuliwa, inakufa au inageuka? Refa akapuliza filimbi mara mbili. Nahodha akachagua kwa kufumba macho, na kipindi cha pili ikatokea kwamba Nyundo ndio wanaolinda goli la gereji.

Mpira wenyewe haukuwa na ladha. Pande zote waliogopa eneo lile, mabeki wakasimama mbali nalo kama wanakwepa dimbwi. Dakika ya sabini na tatu mshambuliaji wa Radi akapiga shuti dhaifu sana, la kupasiana. Kipa wa Nyundo akainama auokote. Mpira ukaingia kwenye shimo moja lililofukiwa vibaya, ukaruka, ukampita juu ya bega, ukalala wavuni.

Sijapata kusikia kelele namna ile. Watu elfu mbili waliona dawa. Mimi niliona shimo, na upande wa pili, karibu na kibendera cha kona, Projestus naye aliona shimo, maana alishika kichwa.

Ikaisha moja bila. Zuena akapewa Ngao, akapewa kipaza sauti. Projestus alikuwa amevaa koti lake tena, amefunga vifungo vyote, amesimama mbele ambapo kila mtu angemwona. Alikuwa anasubiri tangazo lake.

"Kabla sijamaliza," Zuena alisema, na uwanja ukatulia. "Kuna mzee wetu hapa, mzee Projestus. Wengi wamesema mengi. Mimi kwa niaba ya Radi nasema hivi: mzee, ahsante kwa kazi yako!"

Akacheka ndani ya kipaza sauti. Uwanja mzima ukalipuka. Wakambeba mzee juujuu, wakamzungusha, yeye akipunga mikono na kusema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Walidhani anasherehekea. Nilimsoma midomo: si kweli, si kweli.

Jumatatu kamati ikakaa tena. Funguo zikarudishwa bila mjadala. Radi walimtaka abaki kwa sababu wameshinda. Nyundo walimtaka abaki kwa sababu wameshindwa, na Anwar alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mzee na kilo mbili za nyama, akisema, "Msimu huu na sie utukumbuke, mzee wangu." Walioafiki abaki wakanyoosha mikono. Mkono wangu, nimegundua, ni mwepesi sana.

Projestus alimfuata Zuena saluni kudai tangazo lake. Zuena alimwamkia vizuri, akampa kiti, akamwagizia soda. "Hilo siwezi, baba," alimwambia. "Wanangu wanaingia kwenye ligi wanajua wana mtu. Nikitangaza huna kitu, miguu itawalegea. Na wewe unapungukiwa nini? Kazi unayo, heshima unayo."

Jumamosi jumuiya ikasali kwake. Demetria alikuwa na hofu kwamba hawatakuja, akaazima viti vichache. Kumbe walikuja wengi kuliko kawaida, hata wale wa Pasaka kwa Pasaka, wengine ikabidi wasimame barazani. Projestus alifurahi. Aliongoza sala kwa sauti yake ileile ya stoo, iliyonyooka. Kwenye matangazo alisimama akaeleza habari ya ukoka, mwanzo hadi mwisho. Marietha, katibu wake, mama mwenye kauli nzito, akasimama baada yake: "Mwenyekiti wetu ni mtu wa Mungu. Anayesema vingine na alaaniwe!" Watu wakapiga makofi.

Wakaondoka. Marietha akabaki nyuma, anakusanya vikombe ambavyo Demetria alishavikusanya. Mlangoni akamvuta mzee pembeni.

"Baba, mie yale maneno yao sijayaamini hata kidogo."

"Najua, Marietha."

"Ila Allen wangu unajua ana mwaka wa tatu hana kazi. Kila usaili anatoka patupu. Sasa nikasema, kama kuna kitu chochote..."

"Marietha, yalikuwa majani."

"Hata hayo majani, baba," alisema. "Hata hayohayo."

Demetria alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Aliniambia mumewe alivichukua vikombe mikononi mwa Marietha, akaviweka mezani. Halafu akamwambia, kwa sauti ya kawaida, "Mlete kesho alfajiri, uwanjani. Aje na jembe lake."

Nilikuwepo alfajiri ile, kwenye maji. Allen alikuja na jembe, kijana mrefu mwenye aibu. Mzee akamwonyesha jinsi ya kuviringisha jani la mgomba, jinsi ya kufunga, kina cha kufukia. Akamwambia mara tatu, mimi nikiwa nimesimama pale: hii si dawa, ni majani, unanisaidia kupanda goli. Allen akaitikia mara tatu, "Nimeelewa, babu," na kila kifurushi alikifukia amefumba macho, anaomba kazi.

Kesho yake walikuja watatu. Mmoja alikuwa Mwanaasha wa vitumbua, na shida ya mguu. Wiki iliyofuata nilihesabu kumi na wawili, Wakristo, Waislamu, na shangazi yangu mmoja kutoka upande wa pili wa barabara ambaye simtaji. Kila mmoja aliambiwa ni majani. Kila mmoja alikubali kwa kichwa, akafukia. Baada ya mwezi upara wa goli la gereji ulikuwa umefunikwa, na wa goli la pili ulikuwa nusu.

Jumamosi moja Projestus aliwaandikia wanajumuiya barua ya kujiuzulu uenyekiti. Aliandika kwamba hawezi kuongoza sala za watu ambao wakitoka kwenye sala wanamfuata uwanjani. Waliipokea kwa masikitiko makubwa, wakamchagua Marietha.

Siku niliposikia nilitoka dukani nikapitia geti, jambo ambalo silifanyi kawaida, nikamkuta amepiga magoti golini, anang'oa magugu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nitaandika tangazo kwa mkono wangu, kwa rangi nyeupe, kwenye ukuta wa duka letu unaotazama uwanja, herufi kubwa: vilikuwa vifurushi vya ukoka, nilikishika kimoja mwenyewe. Atakayekasirika akanunue rangi kwingine.

Hakuacha kung'oa. Alimaliza mstari aliokuwa nao, akapangusa vidole kwenye suruali.

"Ijumaa ile tulikuwa watu tisa chumbani, Abid," alisema. "Lingetosha neno lako moja. Sasa hivi hata ukiupaka ukuta mzima, watasema nimekuroga uandike."

Hakulisema kwa hasira. Akarudi kwenye magugu, akaanza mstari mwingine.